Nyota kwenye tangazo la bima: mwekezaji asome nini?

Somo la wiki hii linatoka mbali kidogo, Japani, lakini linamhusu kila anayefikiria kuweka fedha zake kwenye hisa za kampuni ya bima, na hata yule anayeuza bidhaa ambayo mteja haioni kwa macho. Nchini humo matangazo ya bima kwenye televisheni ni mengi, na mengi yake yana uso unaojulikana: mwigizaji wa filamu, mwimbaji, mchekeshaji, mwanamichezo. Mtazamaji akiwasha televisheni baada ya kazi, kabla hajamaliza chakula ameshaahidiwa usalama na watu watatu anaowapenda.

Uso huo umelipiwa, tena kwa bei kubwa. Aliyelipa ni mwenye bima, kupitia ada anayotoa kila mwezi, na baada yake mwenye hisa. Hivyo basi, kwa mwekezaji tangazo ni gharama kwanza, ndipo linaweza kuwa habari. Anayelisoma kama gharama atajua kampuni inamtafuta mteja gani, kwa njia gani, na kwa nini sasa. Anayelisoma kama ushahidi kwamba kampuni ni imara anaweza kupoteza fedha. Japani wapo waliopoteza, na tutawafikia.

SHANGAZI WA BIMA

Ili kuelewa nyota alitoka wapi, ni lazima tuanze na mtu aliyekuwapo kabla yake. Kwa miongo mingi baada ya Vita Kuu ya Pili, bima ya maisha Japani iliuzwa na wanawake waliopita nyumba kwa nyumba na ofisi kwa ofisi. Wengi wa wale wa mwanzo walikuwa wajane wa vita waliohitaji kipato. Kampuni ya Nippon Life, ambayo kwa kifupi huitwa Nissei, ilijulikana mno kwa wanawake hao hata watu wakawaita "shangazi wa Nissei". Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, wauzaji wa kampuni zote za bima ya maisha walikuwa zaidi ya 400,000.

Shangazi alijua nani ameoa, nani amepata mtoto, nani amepandishwa cheo. Alikuja na kalenda, peremende na salamu za siku ya kuzaliwa. Wenyewe katika biashara hiyo walikuwa na mzaha kwamba bima huuzwa kwa GNP. Herufi hizo kwa wachumi ni pato la taifa. Kwao zilikuwa giri, ninjo na purezento, yaani deni la heshima, utu, na zawadi.

Mfanyabiashara yeyote ataona ubora wa mpango huo mara moja: mteja alimnunua muuzaji kabla ya kununua bima. Ataona pia kasoro yake. Mteja aliyetia saini kwa kumwonea haya shangazi mara nyingi hakujua ametia saini nini, na jeshi la watu 400,000 si rahisi kulilisha.

Baadaye milango ikaanza kufungwa. Wanawake wengi zaidi walienda kazini, basi mchana nyumbani hakuna mtu. Maofisi yakaweka walinzi na kadi za kuingilia. Mwezi Aprili 2005 sheria ya kulinda taarifa binafsi ilianza kutumika kikamilifu, na orodha za wafanyakazi zilizokuwa zikipitishwa mkono kwa mkono zikawa kitu cha kuogopwa.

Wakati huo huo serikali ilikuwa imelegeza kamba. Sheria mpya ya bima ilianza kutumika Aprili 1996. Desemba mwaka huo Japani na Marekani zilikubaliana juu ya kufungua soko, na kuanzia Julai 1998 kampuni za bima ya magari na mali hazikulazimika tena kufuata viwango vya pamoja vya ada. Kukawa na ushindani wa bei kwa mara ya kwanza kwa watu wengi. Kampuni za kigeni zilizoingia hazikuwa na mashangazi, na kuwaajiri na kuwafundisha kungechukua miaka. Zikachukua njia ya mkato, yaani simu na televisheni. Tangazo linamwonyesha mtu unayemfahamu, namba ya simu inasimama chini ya kioo kwa herufi kubwa, unapiga.

Hapo ndipo nyota alipochukua kiti cha shangazi. Kazi ni ile ile, ya kumfanya mteja aseme "huyu namjua".

SEKUNDE KUMI NA TANO

Matangazo mengi ya televisheni Japani huchukua sekunde 15 tu. Kwa sabuni zinatosha. Kwa bima hazitoshi hata kusoma ukurasa mmoja wa masharti, achilia mbali yale maandishi madogo yanayoeleza lini fidia haitalipwa. Sheria ya bima nayo inakataza kumpotosha mteja au kulinganisha bidhaa kwa namna ya kudanganya, kwa hiyo mwandishi wa tangazo hana nafasi kubwa ya kujisifu kwa maneno. Kinachobaki ni uso, wimbo mfupi na jina la kampuni.

Wajapani humwita mtu huyo tarento, neno walilolitohoa kutoka Kiingereza na kulifanya lao. Tarento hauzi tu tangazo moja, anauza pia kukaa kwake mbali na washindani: akiwa uso wa kampuni moja ya bima, kwa kawaida hawezi kuonekana kwenye tangazo la nyingine muda wote wa mkataba. Kwa sababu hiyo wenye sura ya kuaminika hupungua sokoni, na bei yao hupanda kama bei ya bidhaa yoyote iliyoadimika.

Mwekezaji anayetazama kwa makini anaweza kusoma jambo hapa. Zurich, kampuni ya Uswisi inayouza bima ya magari bila kupitia mawakala, kwa miaka mingi ilimtumia mwigizaji na mpiga piano Nao Matsushita, mwanamke mwenye utulivu. Ujumbe unaelekezwa kwa dereva anayeogopa kwamba siku ya ajali atapiga simu na kusikia kimya. Aflac ilimweka Sho Sakurai, mwimbaji wa kundi la Arashi, pamoja na mzee Toshiyuki Nishida, mwigizaji aliyependwa na taifa zima mpaka alipofariki Oktoba 2024. Hapo mtoto anamwona kaka yake na mama anamwona mzazi wake: vizazi viwili kwa tangazo moja. Nayo matangazo ya mchana, saa ambazo wastaafu wako nyumbani, hutumia sura za waigizaji wa zamani kutangaza bima ambayo hata mwenye maradhi anaruhusiwa kujiunga. Bima hiyo ada yake ni kubwa kuliko ya kawaida, na ni lazima iwe hivyo, maana wanaojiunga wanatarajiwa kuugua zaidi.

Kwa hiyo usimtazame nyota peke yake. Tazama umri wake, saa anayoonekana, na kama chini ya kioo kuna namba ya simu au hakuna. Penye namba ya simu kampuni inauza moja kwa moja. Pasipo na namba inawasafishia njia mawakala wake, ili wakibisha hodi jina liwe limeshafika kabla yao. Ni biashara mbili zenye gharama tofauti kabisa, ingawa mtazamaji wa kawaida anaona tabasamu lile lile.

BATA WA COLUMBUS

Mfano ulio tajiri zaidi ni Aflac yenyewe. Kampuni hii ilianzishwa mwaka 1955 huko Columbus, jimbo la Georgia, Marekani, na ndugu watatu wa familia ya Amos. Baadaye kidogo ilianza kuuza bima ya saratani. Mmoja wa ndugu hao, John Amos, alitembelea maonyesho ya dunia ya Osaka mwaka 1970, akaona watu wengi wamevaa vitambaa vya kuziba pua na mdomo. Akafanya hesabu yake: watu wanaojali afya kiasi hiki watanunua bima ya ugonjwa. Mwaka 1974 kampuni ilipata kibali cha kufanya kazi Japani.

Kilichofuata hakikutokana na ujanja wa matangazo. Bima za saratani, matibabu na ajali ziliwekwa katika fungu ambalo Wajapani waliliita "sekta ya tatu", kati ya bima ya maisha na bima ya mali. Kwa utaratibu wa serikali, ulioimarishwa na makubaliano na Marekani, kampuni kubwa za Kijapani zilizuiwa kwa kiasi kikubwa kuingia humo mpaka mwaka 2001. Kwa zaidi ya robo karne Aflac ilivuna shamba lenye uzio. Iliuza kupitia mawakala waliohusiana na makampuni makubwa, ada ikikatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi. Ndiyo maana Japani, wala si Marekani, ikawa chanzo cha sehemu kubwa ya mapato yake.

Uzio ulipoondolewa mwaka 2001, vigogo waliingia na mashangazi wao. Aflac ilikuwa tayari na silaha nyingine. Mwaka 2000 huko Marekani ilikuwa imeanza kumwonyesha bata mweupe anayelitamka jina la kampuni kwa sauti ya kukwaruza, na jina ambalo Wamarekani wachache tu walilijua likajulikana karibu kila nyumba. Mwaka 2003 bata alivuka bahari. Huko Japani alilainishwa sauti, akawekwa karibu na nyota wa nchi hiyo, na baadaye akachanganywa na maneki neko, yule paka wa bahati anayeinua mkono katika milango ya maduka.

Tazama mpangilio wa tarehe, msomaji. Faida ilijengwa kwanza na uzio wa sheria, na bata akaja kuilinda uzio ulipoanguka. Mtu aliyenunua hisa za Aflac katika Soko la Hisa la New York kwa kumpenda bata alinunua kitu kizuri, lakini alikosea sababu. Na anayenunua kwa sababu isiyo sahihi hajui wakati wa kuuza.

Bata huyo ana somo la pili. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko na tsunami viliipiga Japani. Katika siku hizo mchekeshaji Gilbert Gottfried, aliyekuwa sauti ya bata kwenye matangazo ya Marekani, aliandika kwenye mtandao utani juu ya maafa hayo. Tarehe 14 Machi kampuni ilimfukuza. Hakuwa yeye aliyesikika Japani, lakini takriban robo tatu ya mapato ya kampuni yalitoka nchi hiyo iliyokuwa ikifukua maiti. Sauti mpya ikatafutwa kwa usaili, na bata akaendelea na kazi. Hapa ndipo penye tofauti ya thamani. Bata ni mali ya kampuni. Binadamu anayemsemea anaweza kubadilishwa. Nyota anayeonyesha sura yake mwenyewe habadilishiki; akiharibika yeye, filamu yote inatupwa.

FEDHA ZATOKA WAPI

Ada ya bima ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inawekwa kwa ajili ya kulipa fidia. Ya pili ni ya gharama: mishahara, kamisheni, ofisi, kompyuta, na huyo nyota. Tuseme mteja analipa yen 3,000 kwa mwezi, na yen 1,000 kati yake ni za gharama. Kampuni nyingine inatoa kinga ile ile kwa yen 2,400 kwa kuwa gharama yake ni yen 400. Fidia kwa wote wawili ni yen 2,000. Tofauti yote iko upande wa kuuza.

Kwa muda mrefu mgawanyo huo ulikuwa siri ya kila kampuni. Mwaka 2008 ilianza kazi Lifenet, kampuni inayouza bima ya maisha kwa njia ya intaneti, iliyoongozwa na Haruaki Deguchi, mtu aliyewahi kufanya kazi Nippon Life. Novemba mwaka huo ilitangaza hadharani ni kiasi gani cha ada yake ni cha fidia na kiasi gani ni cha gharama. Wakubwa hawakufurahi. Ila hata Lifenet haikuweza kukwepa televisheni, kwani duka la intaneti lisilojulikana ni kama duka lililofunguliwa porini.

Mwenye hisa atazame pia muda. Gharama ya tangazo na kamisheni hutoka mwanzoni, ilhali ada ya mteja huja kidogo kidogo kwa miaka. Kampuni inayokua haraka inaweza kuonyesha hasara kwa sababu ya kukua huko, na ile iliyoacha kutafuta wateja ikaonyesha faida nzuri kwa miaka michache huku ikizeeka. Faida ya mwaka mmoja pekee haitoshi kuhukumu.

Kuna jambo jingine ambalo wawekezaji wadogo hulisahau. Kampuni nyingi ambazo nyuso zake zinaonekana sana Japani hazina hisa za kuuza. Nippon Life, Meiji Yasuda na Sumitomo Life ni kampuni za wanachama: wenye bima ndio wenye mali, kwa mfano unaokaribiana na chama cha ushirika. Unaweza kulipenda tangazo mpaka basi, lakini soko la hisa halitakuuzia kitu. Dai-ichi Life ilikuwa hivyo pia mpaka Aprili 2010, ilipogeuzwa kuwa kampuni ya hisa na kuorodheshwa Tokyo, na wenye bima zaidi ya milioni moja wakajikuta ni wanahisa. Kwa kampuni za kigeni unanunua hisa za kampuni mama, ambamo Japani inaweza kuwa mkono mzima au kidole tu.

KILE AMBACHO TANGAZO HALISEMI

Katika miaka ya 1980 kampuni za bima ya maisha za Japani ziliahidi wateja riba ya asilimia 5.5 hadi 6 kwa mikataba ya miaka mingi. Wakati huo haikuonekana ajabu. Mwisho wa Desemba 1989 hisa za Tokyo zilifika kileleni, kisha zikaporomoka, na ardhi ikafuata. Septemba 1995 benki kuu ilishusha riba yake hadi asilimia 0.5. Ahadi zilibaki pale pale. Kwa kila yen milioni 1 zilizoahidiwa asilimia 5.5 na kupata asilimia 2 sokoni, kampuni ilitoa mfukoni yen 35,000 kila mwaka. Wajapani waliiita gyakuzaya, yaani pengo lililogeuka.

Aprili 1997 Nissan Mutual Life ilianguka, kampuni ya kwanza ya bima ya maisha kufilisika tangu vita. Ikafuata Toho mwaka 1999. Mwaka 2000 zilianguka Daihyaku, Taisho, Chiyoda na Kyoei, na Machi 2001 Tokyo Life. Saba kwa miaka minne. Wenye bima hawakupoteza kila kitu, lakini ahadi zilikatwa. Wateja wa Nissan walishushiwa riba hadi asilimia 2.75, na wa Chiyoda hadi 1.5. Mzee aliyehesabu pensheni yake kwa asilimia 5.5 alianza hesabu upya akiwa hana tena nguvu za kufanya kazi.

Hata takwimu rasmi hazikutosha. Kampuni hutangaza uwiano wa uwezo wa kulipa, na enzi hizo chini ya asilimia 200 serikali ilikuwa na haki ya kuingilia kati. Chiyoda ilitangaza asilimia 263 kwa hesabu za Machi 2000, na Kyoei 343. Zote mbili zilikuwa zimefilisika kabla ya mwezi Oktoba kwisha. Kanuni za kukokotoa uwiano huo zilikazwa baadaye, mwaka 2012. Mwekezaji anayejua hilo hatatishwa wala kupumbazwa na namba moja. Atauliza ahadi za zamani ni za riba gani, na mali za kampuni zinazalisha ngapi.

Sasa tuje kwenye fidia yenyewe. Meiji Life, ambayo Januari 2004 iliungana na Yasuda kuwa Meiji Yasuda, ilikuwa na tangazo lililowaliza Wajapani. Kuanzia mwaka 1999 ilionyesha picha za kawaida za familia, watoto wachanga, mababu, wagonjwa, huku sauti ya mwimbaji Kazumasa Oda ikipita juu yake. Nyota hakuonekana, alisikika tu. Kwa maoni ya safu hii ni mojawapo ya matangazo bora ya bima yaliyowahi kutengenezwa popote. Na ni Meiji Yasuda iliyosimamishwa na serikali kuuza bima kwa wiki mbili mwaka 2005, kisha ikaadhibiwa tena Oktoba mwaka huo huo, ilipobainika kwamba ilikataa isivyo haki kulipa fidia kwa familia za marehemu. Kesi zilizogunduliwa zilipita 1,000. Februari 2007 Mamlaka ya Usimamizi wa Huduma za Fedha iliziagiza kampuni zote 38 za bima ya maisha zichunguze malipo yao ya miaka mitano, na ikaonekana ugonjwa haukuwa wa nyumba moja.

WALIONUNUA APRILI 2019

Kwa mwenye hisa, kisa kilichouma zaidi ni cha Japan Post Insurance, inayoitwa Kampo, bima inayouzwa kwenye ofisi za posta. Iliorodheshwa Tokyo tarehe 4 Novemba 2015 kwa bei ya yen 2,200 kwa hisa, na siku ya kwanza ikafunga yen 3,430. Wananchi walizigombea. Posta ni ya kila kijiji, bibi na babu wanaiamini kuliko benki. Kisha likaja tangazo la mwigizaji kijana Mitsuki Takahata akiimba na kucheza, na kauli mbiu inayosema maisha yamejaa ndoto. Lilipendwa sana.

Aprili 2018 NHK, shirika la utangazaji la umma ambalo halirushi matangazo ya biashara, lilionyesha kipindi kuhusu wafanyakazi wa posta waliokuwa wakiwauzia wazee bima kwa hila. Aprili 2019 kampuni mama iliuza sokoni fungu kubwa la hisa zake za Kampo, kwa yen 2,375 kila moja. Haikupita miezi mitatu kabla mambo hayajafumuka hadharani. Mwisho wa Julai kampuni ilisema mikataba ipatayo 183,000 ya miaka mitano ilishukiwa kumdhuru mteja. Bei ya hisa ilishuka hata chini ya ile yen 2,200 ya mwanzo. Desemba serikali iliamuru Kampo na Posta zisiuze bima hizo kuanzia Januari hadi Machi 2020, na wakuu wa kampuni tatu za kundi hilo wakajiuzulu.

Utaratibu wa hila hiyo unafaa kueleweka, kwani unafanyika popote penye kamisheni. Mfanyakazi alilipwa kwa mkataba mpya. Mteja aliyevunja mkataba wa zamani ndani ya miezi sita alihesabiwa kuwa amehama tu, na kamisheni ikapungua nusu. Basi mzee alishawishiwa kulipa bima mbili kwa pamoja kwa zaidi ya miezi sita, kisha avunje ya kwanza. Wengine walivunjishwa ya zamani mapema mno wakakaa miezi bila kinga yoyote. Takahata hakuhusika na lolote katika hayo. Ndiyo shida yenyewe: uso ulikuwa wa kweli, na hauna uhusiano wowote na kilichotendeka mezani kwa bibi wa watu.

Aliyetazama tangazo mwaka 2018 na aliyetazama kile kipindi cha NHK walikuwa na televisheni ile ile.

Upande wa nyota nao una hatari zake, ingawa kwa kampuni kubwa hupita haraka zaidi. Septemba 2023 ofisi ya wasanii ya Johnny & Associates ilikiri kwamba mwanzilishi wake, aliyekwisha kufariki, aliwadhulumu vijana kingono kwa miaka mingi. Tokio Marine & Nichido, iliyokuwa ikimtumia Masaki Aiba wa ofisi hiyo, ilikuwa miongoni mwa kampuni za mwanzo kutangaza kujitenga, na Aflac nayo ilikabiliwa na suala hilo kwa kuwa Sakurai alikuwa wa ofisi hiyo hiyo. Januari 2025 Nippon Life na Meiji Yasuda zilikuwa kati ya makampuni mengi yaliyoondoa matangazo yao Fuji Television, kutokana na namna kituo hicho kilivyoshughulikia tuhuma zilizomhusu mtangazaji maarufu Masahiro Nakai. Hapo hakuna nyota wa bima aliyekosa. Ni jukwaa lililochafuka. Kampuni za bima hukimbia mapema, maana zinachouza ni imani tupu.

Swali linalobaki kwa mwenye hisa ni kama fedha za tangazo zilirudi. Taarifa za kampuni za Japani zina mahali pa kulitafutia jibu. Nyingi hueleza ni mikataba mingapi kati ya iliyouzwa ambayo bado inalipiwa katika mwezi wa 13, na mingapi katika mwezi wa 25. Mteja aliyevutwa na sura na asiyeelewa alichonunua huchoka kulipa mwaka wa kwanza, kabla gharama ya kumpata haijarudi. Mwaka ambao kampuni imeongeza matangazo, fungua taarifa ya mwaka unaofuata na uangalie namba hiyo ya mwezi wa 13. Ikiwa imeshuka huku mauzo yamepanda, wateja wapya wanatoka kwa mlango wa nyuma, na kampuni italazimika kumlipa nyota tena ili kuujaza ukumbi.